Simama Unavyosimama

Fundi alifariki Jumatatu asubuhi, mwezi wa Agosti mwaka 1976, maji ya chai yakiwa bado jikoni. Siku hiyo nilipoteza mtu pekee aliyejua kwamba mguu wangu wa kushoto ni mfupi kwa vidole viwili na nusu. Mtaa wetu wote wa Temeke ulijua kwamba nachechemea. Kiasi chenyewe alikijua yeye.

Gauni lake lilikuwa kwangu, juu ya sanduku, limebaki upindo na vifungo. Sikulimaliza.

Picha yake hakuna. Watu wawili watatu wameniuliza, nikawaambia hakuna, wakadhani nawanyima. Ndiyo maana naandika. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu. Habari za wazazi wake na kijiji alichozaliwa sizijui sawasawa, kwa hiyo sitaziandika. Nitaandika niliyoyaona kwa miaka kumi na mitatu, nyumba yake na yangu zikiwa zimeachana kwa ua wa makuti. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Fundi, maana ndiye mama aliyetushonea nguo.

Hakuwa na futi ya kupimia. Mteja mmoja alimletea mpya kabisa, ya njano, ina namba pande zote mbili. Fundi akashukuru, na kesho yake nikaikuta imetumika kufungia mlango wa banda la kuku. Yeye alipima kwa kamba. Alizisokota mwenyewe juu ya paja, kwa nyuzi alizozichomoa katika mifuko ya unga. Mwanamke akija mara ya kwanza alikatiwa kamba yake, na kila kipimo kikafungiwa fundo lake: kifua, kiuno, nyonga, mkono. Fundo la mwisho lilikuwa la urefu mzima, kutoka utosini mpaka chini, ingawa hakuna gauni linaloanzia utosini. Nilimwuliza kwa nini. Akasema gauni lazima lijue kichwa kiko wapi.

Kwenye ncha ya kamba alifunga kipande cha kitambaa cha gauni la kwanza la mwenyewe, ili aijue. Halafu akaitundika kwenye msumari, ukutani karibu na dirisha. Ukiingia ndani mwake ulikuta wanawake wa mtaa mzima wananing'inia pale, wanene na wembamba, wenye vibiongo na wasio navyo, na kwa mbali kamba zote zilifanana.

"Namba ina mdomo," alisema. "Ikishatoka hapa inakwenda kusema kisimani. Kamba haisemi."

Aliposhika kamba alisema neno moja tu, na wote waliowahi kushonewa naye wanalikumbuka. "Simama unavyosimama."

Hakuna mwanamke aliyesimama anavyosimama. Walivuta matumbo ndani, wakainua mabega, wakabana mapaja. Fundi hakubishana nao. Alikaa kwenye kigoda chake na kamba mkononi, akasubiri. Pini alizichomeka kwenye kifurushi cha sufi alichokifunga mkononi kama saa, kwa sababu yeye hakuweza kuzishika kwa midomo kama mafundi wengine. Alisubiri mpaka mwanamke achoke, pumzi imtoke, tumbo lirudi mahali pake. Hapo ndipo aliponyanyuka.

"Haya. Hilo ndilo nitakalolivisha."

Alikuwepo jirani mmoja, muuza maandazi, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Huyo kila gauni jipya alikuja na ombi lile lile.

"Fundi, safari hii nishonee la kunipunguza."

"La kukupunguza wapi?"

"Si unaona? Huku." Akajishika ubavuni kwa mikono miwili.

"Mama, mie nashona nguo. Kupunguza nyama ni kazi ya buchani."

Mama Maandazi akacheka mpaka akaangukia benchi, na benchi likalia kwa nguvu.

"Umeona? Hata benchi linanilalamikia!"

"Benchi hilo lilianza kulia kabla hujaja mjini," Fundi akasema. "Usijitafutie sifa. Inuka, nipime."

Magauni ya Mama Maandazi yalimkaa kama yameota mwilini. Mimi nimeyapiga pasi mengi, pasi ya mkaa, na nilikuwa nikiyageuza ndani nje kutazama mshono. Fundi aliacha kitambaa cha akiba kila upande, vidole vitatu, akakikunja vizuri ndani. Mwili hauna mahali pa kukaa siku zote, alisema, kwa hiyo mwachie mtu mlango. Mwaka Mama Maandazi alipougua akakonda, Fundi aliyachukua magauni yote bila kuambiwa, akayabana. Alipopona akanenepa tena, Fundi akayafungua. Hakusema kitu mara ya kwanza wala mara ya pili. Mtaa mzima ulisema mara zote mbili.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi. Aliwacheka wanaume wenye vitambi waliokuja kushonewa mashati ya kola fupi, yale ya viongozi, na alikuwa mchoyo wa sindano kiasi cha kumfanya mtu alie. Sindano yake ikikupotea ulifagia nyumba nzima, na ua, halafu ukafagia tena. Aliponifundisha kushona alinigonga vidole kwa mpini wa mkasi. Hakunisifu hata siku moja. Kazi ikiwa nzuri alisema, "Weka pale." Ikiwa mbaya alisema, "Fumua."

Wala hakuwa na msimamo mmoja. Watu wakifa husemwa kama walikuwa na neno moja tu maisha yote. Fundi hakuwa hivyo.

Kulikuwa na mwalimu wa kike, mtu wa bara, Mkristo, aliyepangisha chumba nyumba ya tatu. Alikuwa mwembamba na kifua chake kilikuwa bapa kama changu nilipokuwa na miaka kumi. Alialikwa harusi ya dada yake, akaja kuomba gauni lenye kifua. Nilikuwa nimekaa hapo navuta nyuzi za shingo ya blauzi. Nikasubiri Fundi amwambie habari ya buchani au nyingine kama hiyo. Fundi alimtazama muda mrefu. Halafu akafungua mto wake wa kulalia, akatoa sufi, akaitengeneza vizuri ndani ya vitambaa viwili vya duara, akavishonea ndani ya gauni. Mwalimu akaenda harusini na kifua.

Nikamwambia, "Fundi, mbona umemdanganyia?"

"Yule hakutaka mwili mwingine," akasema. "Alitaka siku moja. Siku moja mpe mtu."

Mwaka sketi fupi zilipopigwa marufuku, vijana wakawa wanawasimamisha wasichana barabarani na kuwatazama magoti. Binti mmoja karani wa Kurasini, bandarini, alikuja na sketi nne ndani ya mfuko wa karatasi, amezikumbatia.

"Fundi, ziongeze."

"Magoti yamefanya kosa gani?"

"Nisimamishwe kituo cha basi, watu wote wanitazame? Ziongeze tu, Fundi."

Fundi aliziongeza kwa vipande vya khanga, kila sketi na rangi yake. Alishona kutwa nzima bila kuzungumza, na alipokuwa hazungumzi uliona kazi inamuudhi. Jioni binti alipokuja, Fundi alimgeuzia sketi ya kwanza akamwonyesha mahali pamoja kwenye mshono.

"Zote nimezishona kwa uzi mmoja tu, mrefu. Siku wakichoka, vuta hapa."

Sijui kama yule binti aliwahi kuuvuta. Alihamia Mbweni, na sikumwona tena.

Sasa niandike habari ya mdomo wake, maana bila hiyo sijamwandika.

Fundi alikuwa Mmakonde. Usoni alikuwa na nembo, ile mistari inayochanjwa na kutiwa masizi, mashavuni na kwenye paji la uso, imepangwa sawasawa kama mshono wake mwenyewe. Mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha duara walichovaa wanawake wa kwao. Ndonya yenyewe aliitoa kabla ya kuja Dar es Salaam. Mdomo ukabaki umelegea mbele ya meno, na tundu liko wazi. Hayo niliyajua kwa kuambiwa na wengine. Mwenyewe nilikaa naye miaka nisiuone mdomo wake.

Alijifunika kwa pindo la khanga, usiku na mchana, jua na mvua. Akishona aliifunga khanga kisogoni ili mikono iwe huru. Wageni wa mtaani walidhani ni ucha Mungu. Hakula mbele ya mtu. Kwenye shughuli alipewa sahani yake, akaifunika na kwenda nayo nyumbani. Sikuwahi kumwona akinywa hata maji. Siku za joto kali nilimwona ameegemea ukuta, macho yamemlegea, mtungi uko hapo pembeni, anasubiri tuondoke.

Watoto walikuwa wanamwimbia njiani. Sitayaandika maneno waliyoimba. Na mimi nilipokuwa msichana, kabla sijamjua, niliimba nao mara moja. Nilikuwa wa nyuma kabisa kwa sababu ya mguu, lakini niliimba.

Siku moja, nilipokwisha kumzoea, nilimwuliza. Tulikuwa wawili, yeye anazungusha mkono wa cherehani, mimi nashika kitambaa.

"Fundi, sisi unatuambia tusimame tunavyosimama. Na wewe je?"

Hakuacha kuzungusha.

"Mie nimekaa," akasema.

Ikawa ndiyo hivyo. Alikuwa amekaa kweli. Alikaa kwenye kile kigoda miaka mingi mpaka mgongo wake ukapinda ukabaki umepinda, hata akitembea alikuwa kama mtu anayetafuta sindano chini. Ukutani kulikuwa na kamba za watu wote. Yake haikuwepo. Hakuwahi kujishonea gauni. Alivaa khanga mbili, zikichakaa akanunua nyingine.

Nije kwenye mguu wangu. Niliugua nikiwa mdogo, homa ikaisha na mguu ukabaki nyuma. Nilipopata mchumba nilikuwa na miaka kumi na tisa. Aliniona nikiwa nimekaa, halafu akaniona nikitembea, na bado akaleta posa. Watu walishangaa. Mimi pia nilishangaa, na nikaona haya kwa ajili yake. Nikaamua kwamba siku ya harusi, japo siku hiyo tu, nisichechemee.

Fundi alinipima gauni jeupe. Alipofika kwenye upindo alitumia fimbo yake na kipande cha muhogo mkavu, maana alipiga alama kwa muhogo badala ya chaki. Alipima upindo kutoka chini kwenda juu, si kutoka kiunoni kwenda chini.

"Simama unavyosimama," akasema.

Nikainua kisigino cha kushoto. Nikasimama kwa vidole, ndani ya lile gauni refu, kiuno kikawa sawa pande zote. Niliweza kusimama hivyo muda mrefu. Nilikuwa nimefanya mazoezi.

Fundi aliizunguka sketi yote kwa magoti, akipiga alama. Alipofika kushoto mkono wake ulipita chini ya kitambaa ukagusa kisigino changu, hewani. Ukakaa pale. Halafu ukaondoka. Akaendelea kupiga alama.

Siku ya harusi nilijaribu kutembea kwa vidole. Nilifika mlangoni tu. Mguu ulipochoka nikashuka, na gauni likashuka nami. Upande wa kushoto liliburuta kwenye vumbi, upande wa kulia likaonyesha kifundo cha mguu. Aliyekuwa hajui kwamba nachechemea alijua. Shangazi mmoja wa upande wa mume akainama, akalishika pindo, akatembea nalo kando yangu mpaka ndani, kama mtu anayemshika ng'ombe. Hakuwa na nia mbaya.

Sikuzungumza na Fundi mwaka mzima. Nilipita mbele ya ua wake nikatazama mbele. Nilirudi nilipokuwa na mimba ya miezi sita na sina nguo inayonitosha. Aliitoa kamba yangu msumarini, yenye kipande cheupe, akaanza kufungua mafundo. Hakusema karibu wala ulikuwa wapi.

Nikasema, "Ulijua siku ile. Ulinishika kisigino."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia simama unavyosimama. Ukasimama unavyotaka. Nikashona unavyotaka."

Nilitaka kulia, machozi hayakutoka. Akaendelea na kamba. Alipofika kwenye fundo la mwisho, la urefu mzima, aliacha kucha ndani ya fundo.

"Nilikosea," akasema. "Ningekupiga kofi la kisigino. Nilikuwa na hasira, mtoto kama wewe kuona haya kwa vidole viwili na nusu. Nikaacha hasira ishone."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema amekosea. Tangu siku hiyo pindo zangu zote zimekatwa fupi kushoto kwa vidole viwili na nusu. Ukilitundika gauni langu kwenye kamba ya kuanikia linaonekana limeshonwa na mlevi. Nikilivaa linakaa sawa.

Mwanangu alipozaliwa Fundi alimletea shuka la viraka, kama alivyomletea kila mtoto wa mtaa ule. Alikuwa hatupi kitambaa. Kila kiraka kilikuwa kimebaki kwenye nguo ya mtu, na akikaa anakutajia: hiki cha karani, hiki cha mwalimu, hiki cha Mama Maandazi, na hiki hapa katikati ni cheupe, unakijua mwenyewe. Watoto wale wale waliomwimbia walikuwa wamelala juu ya mashuka yake walipokuwa wachanga. Nilimwambia hivyo siku moja nikiwa na uchungu nao. Akasema, "Na wao wamekojolea viraka vyangu, tumelipana."

Baada ya hapo alinifundisha kazi. Cherehani yake ilikuwa ya mkono, na mimi ya miguu nisingeiweza. Nilijifunza polepole. Mpaka naandika hivi, hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Barua ilikuja mwanzoni mwa mwaka ule wa mwisho. Ilitoka kwa dada yake, kusini, imeandikwa na mtoto wa shule. Fundi hakujua kusoma. Wakati huo akina mama walikuwa wakienda jioni darasani kujifunza, yeye alikwenda mara mbili akaacha. Alisema ubao uko mbali na mgongo hauinuki. Basi nikamsomea mimi. Dada aliuliza hali, akaeleza nani kafa na nani kaolewa, akasema wamehamishiwa kijiji kipya karibu na barabara, maji yako mbali. Mwisho aliandika hivi: Nimesikia kwamba huko mjini mnaificha midomo yenu. Mie ndonya yangu ningali nayo. Nitumie picha yako nione kama bado tunafanana.

Nilisoma maneno hayo mara mbili kwa sababu aliniambia nirudie. Kisha akaichukua barua, akaikunja, akaiweka ndani ya kopo la vifungo.

Wiki nzima hakuitaja. Halafu tukiwa kazini akasema, bila kunitazama, "Mtu akipigwa picha na khanga anaonekana kama mzigo."

"Ndiyo, Fundi."

"Gauni ndiyo linafaa."

"Nani atakushonea?"

"Nimekufundisha miaka yote hii bure?"

Vitambaa vilikuwa adimu. Mwezi wa Juni duka la ushirika lilipata jora mbili, na nikapanga foleni tangu alfajiri. Mguu ulivimba, lakini nilipata. Kitambaa kilikuwa cha buluu na maua meupe madogo. Niliporudi nacho alikipapasa, akakivuta kwa pande mbili kuona kama kinafumuka, akasema, "Weka pale."

Akafunga mlango. Akasokota kamba mpya. Ilimchukua muda, maana mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Aliponipa, aliinuka kwenye kigoda, akasimama katikati ya chumba, akafungua fundo la khanga kisogoni, na khanga ikaanguka mabegani.

Niliuona mdomo. Sitaki kusema ulikuwa mzuri, wala sitaki kusema ulikuwa mbaya. Ulikuwa mdomo wa mtu, una tundu, na ngozi yake ilikuwa nyororo kuliko ya uso, kwa sababu jua lilikuwa halijaufikia miaka mingi. Niliangalia muda mrefu kuliko adabu. Hakunikataza.

Nikashika kamba. Yeye akajaribu kunyoosha mgongo. Niliona shingo ikikaza, mabega yakirudi nyuma, uso unatoka jasho. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikasubiri. Kuku walikuwa wanaparura nje. Mwisho pumzi ikamtoka na mgongo ukarudi mahali pake.

"Simama unavyosimama, Fundi," nikasema.

"Umechelewa kusema," akanijibu. "Nimeshachoka mwenyewe."

Nilimpima. Kifua, kiuno, nyonga, mkono, na urefu mzima, kutoka utosini mpaka chini, kama alivyosimama. Nikafunga kipande cha buluu kwenye ncha. Nikaitundika kamba ukutani, msumari wa mwisho karibu na dirisha.

Halafu aliniambia nimimine chai. Nilimimina vikombe viwili, changu na chake, nikiwa na mazoea kwamba chake kingekaa mpaka niondoke. Akakichukua, akakaa kwenye benchi mbele yangu, akanywa. Chai kidogo ilipita kwenye tundu ikamwagika kidevuni. Akaifuta kwa kiganja, akanywa tena.

"Sukari umebania," akasema.

Nikamwongezea sukari. Tulikubaliana kwamba gauni likiisha tutakwenda studio pamoja, mchana, kwa miguu, ni karibu.

Mwezi wa Julai alishikwa na kifua. Alikohoa, akapata nafuu, akakohoa tena. Kila nilipokwenda kumtazama aliniuliza, "Gauni limefika wapi?"

"Limefika kiunoni."

"Basi nimebaki miguu."

Halikuwa limefika kiunoni. Sikuwa nimelikata. Kitambaa kilikuwa kimekaa juu ya sanduku langu vilevile nilivyokileta. Nilijiambia naogopa kumkatia mtu anayejua kukata kunishinda, na hilo lilikuwa kweli kidogo. Kweli yenyewe ni nyingine. Nilikuwa nimeiona ile safari ya studio. Niliiona njia, mchana, yeye mdomo wazi na mgongo umepinda, na mimi nachechemea kando yake, na watu milangoni. Niliona tutakavyotazamwa. Mimi niliyefundishwa naye. Kwa hiyo nililiacha gauni lilale.

Wiki ya mwisho ya Julai nililikata. Nilishona kwa haraka, lakini sikuharibu. Ijumaa nilifika kwenye upindo. Upindo hauwezi kupimwa bila mwenyewe kusimama, na alikuwa hasimami tena. Nikasema nitasubiri apate nguvu.

Jumatatu akafa.

Wanawake waliingia kumwosha. Mama Maandazi alikuwepo, kimya kabisa, anachota maji. Mimi niliosha vikombe, maana vilikuwa havijaoshwa. Sikulia. Watu walinitazama nisivyolia.

Mpwa wake, mfanyakazi wa bandarini, alikuja akasimama nje ya mlango. Alisema wanaochimba kaburi wanataka kipimo cha mwanandani, pale atakapolazwa. Mwosha, mama mtu mzima kutoka mtaa wa pili, akauliza kama kuna uzi humo ndani. Nikasema hakuna haja, Fundi ana kamba yake. Nikaitoa msumarini. Nikamwonyesha fundo la mwisho, la urefu mzima.

Mwosha akaitandaza kando ya Fundi, kuanzia utosini. Fundo halikufika chini. Liliishia juu ya vifundo vya miguu.

"Kamba yako fupi," akasema.

"Ndivyo alivyosimama."

"Sasa amelala, mwanangu. Amenyooka."

Akapima shibiri moja zaidi kwa mkono wake, akafunga fundo jipya, akamtolea mpwa mlangoni. Mpwa akaikunja kamba kiganjani, na kipande chake cha buluu, akaenda nayo makaburini. Haikurudi.